Bega la Kushoto

Mzee Issa,

Ulikuwa huna subira na barua inayoanza na hali, afya na salamu za mbuzi wote wa mlimani. Kwa hiyo nakupa habari yenyewe kwanza: nimepiga shabaha Gitega. Nimepiga kwa bega la kushoto, mchana kweupe, mama yangu akiwa amekaa kwenye benchi la mbele. Sasa tulia nikueleze. Kwa mara ya kwanza huwezi kunikatiza, na mimi nitajinafasi.

Bunduki yako haijambo. Naipangusa kila Jumamosi kwa kile kitambaa chako cha flaneli, tone moja la mafuta, si mawili, nimekusikia. Duka lako hapa Muyinga liko wazi. Saa za ukutani bado kila moja inasema lake, na wateja bado wanauliza ipi ni ya kweli, nami nawaambia waangalie jua, kama ulivyokuwa unawaambia. Mkeo Mama Zubeda ananiletea chai yenye tangawizi ya kutoa machozi. Akisikia bunduki ya upepo inapiga kule nyuma ya duka anasema, "Huyo mzee bado iko." Anacheka, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anacheka tena. Ndivyo tulivyo siku hizi.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Sikuja kujifunza chochote. Nilikuwa na darubini ya baba, ile ya macho mawili, aliyokuwa anaivaa shingoni akienda kuwinda kanga na gobore lake kule Ulyankulu, Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi nilikozaliwa. Baba alifia kule. Amani ilipopatikana tukarudi Burundi, mama alibeba sufuria, mbegu za maharage na Biblia. Mimi nikabeba darubini iliyokuwa inaonyesha kila kitu viwiliviwili. Kule kwetu Bugendana, karibu na Gitega, waliniita Mtanzania, maana Kirundi changu kilikuwa kinaingiliwa na Kiswahili kila baada ya maneno matatu. Nikasikia kwamba Muyinga kuna mtaa wa Waswahili, na humo kuna fundi wa saa na darubini. Nikasema afadhali niende mahali nikifungua mdomo watu hawageuki.

Kumbe ukafungua mdomo wewe, nikageuka mimi. "We dada, iyo darubini iko na nini? Iko nagonjwa?" Nilicheka mbele yako bila adabu, Mzee. Nikakwambia Kiswahili hicho kimeanguka kutoka kwenye lori. Ukanitazama juu ya miwani, ukasema mimi naongea Swahili ya redio, na wewe hujawahi kuona redio ikitengeneza kitu. Tangu siku hiyo hatukuacha kutaniana.

Kabla ya kulegeza hata skrubu moja, uliniambia ninyooshe mikono mbele, niunganishe viganja niache tundu dogo katikati, niitazame saa kubwa ya ukutani kupitia tundu hilo, macho yote wazi. Ukachukua kifuniko cha kiboksi cha saa, ukalifunika jicho langu la kulia. Saa ikabaki palepale. Ukalifunika la kushoto. Saa ikapotea, nikabaki natazama chokaa. Ulitoa bunduki ya upepo isiyo na risasi, ukaniambia nifumbe macho, niiweke begani vile inavyokuja yenyewe, kisha nifumbue. Nikaiweka kulia, kama kila mtu. Nikafumbua: naona ubavu wa mtutu tu. Ukanihamishia kushoto. Nikafumba, nikafumbua, na ile nundu ya mbele ilikuwa imekaa katikati ya mwanya wa nyuma, imetulia kabisa, wala sikuwa nimetafuta kitu.

"Bunduki haina ubaya," ukasema. "Jicho yako ndo iko upande ingine. Nani alikuweka kulia?"

Ni mama. Nilizaliwa natumia mkono wa kushoto, na mama akawa anaufunga kiunoni kwa kipande cha kitenge wakati wa kula, mpaka mkono ukasahau kazi zake. Hakuwa mkali. Alikuwa anafunga huku ananibembeleza: siku tukirudi nyumbani, nani atakupa pombe ya harusi ukipokea kwa mkono huo? Watasema wakimbizi hawakulea watoto. Miaka yote ile wenzake walikuwa wanaongea habari za mashamba waliyoyaacha, na yeye alikuwa anahangaika na mkono wangu. Aliutaka uingie Burundi ukiwa na heshima. Na kweli, siku ya kwanza Bugendana nilipokea kibuyu cha urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, na wazee wakamsifu mama. Alilia kwa furaha siku hiyo.

Nilidhani wewe, mtu wa msikiti, usiyepokea hata bisibisi kwa kushoto, ungekuwa upande wake. Uliweka bisibisi chini. Ukasema kula na kupokea ni heshima, na heshima ibaki palepale, ila kulenga ni mambo ya jicho, na jicho hukuliweka wewe wala mama yangu. Ukarudi kwenye skrubu zako.

Jioni ile darubini ya baba ilionyesha kitu kimoja, na mimi sikuondoka tena Muyinga. Ulinifundisha saa, ukanifundisha vioo, na Jumamosi ukanifundisha kule nyuma, kwenye ukuta wa udongo, kibali cha serikali ya komini kimekunjwa ndani ya nailoni mfukoni mwako. Ulikuwa unasema hufundishi mtu kupiga, unafundisha kuchagua. Ujana wako wote uliutumia kusafisha bunduki za wawindaji, kabla pori la Ruvubu halijawa hifadhi, na ulikuwa unaweza kumwona mtu anatembea ukajua bunduki yake ina uzito gani. Mteja akija na maneno ya ipi ni kali, ulimkalisha. Unapiga nini? Umbali gani? Umesimama au umelala? Utaibeba siku nzima au utaitoa kwenye gari? Wa kupanda vilima unampa nyepesi, ya mtutu mfupi, isimchoshe kabla hajamwona mnyama. Wa kulenga karatasi unampa nzito, maana uzito unatuliza mikono. Na darubini hivyohivyo. Ya porini isikuze sana, ukimtafuta mnyama karibu usije ukaona manyoya tu. Wakibisha, na walibisha, ulikuwa unawapa ile darubini yako kubwa kuliko zote wamtafute kuku wa Mama Zubeda uani. Hakuna aliyempata. Kuku alikuwa anapita miguuni mwao.

Na mimi ukanipa ile yako ya zamani, yenye kitako cheusi kilichonyooka pande zote mbili, haikubagua bega. Haina darubini, ina alama zake za chuma tu. Nikawa nabana sana. Uliniambia niishike kama ninavyoshika kifaranga, kwa sababu springi ya ndani ikifyatuka bunduki inataka kuruka kidogo, na ukiizuia inakasirika. Nilipoacha kubana, risasi zikaanza kuingia mahali pamoja. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiite nini.

Mama sikumwambia. Alijua natengeneza saa, alijua napiga shabaha na vijana wa mtaani, basi. Bega halikutajwa. Nikienda Bugendana mkono wa kulia unakwenda mbele, salamu, chakula, kila kitu. Ningeweza kuishi hivyo mpaka uzeeni. Tatizo ni kwamba mwaka huu watu wa Gitega walisema zamu ya kuandaa mashindano ni yao. Mashindano ya klabu yetu ya shabaha na yao yalikuwa siku zote hapa Muyinga, mbali na macho ya mama. Mara anapata habari sokoni, anafurahi, anatangaza kanisani, na wanawake wote wa kwaya wanasema watakuja kumwona binti wa Ulyankulu. Nilipoteza usingizi. Mbele ya watu walewale waliomsifu, niweke bunduki kushoto? Ningemvua nguo mama yangu hadharani.

Ndipo nikajifanya mjanja. Darubini ya bunduki inalibembeleza jicho la kulia, maana picha yote iko kwenye kile kioo, na la kushoto unalifunika kwa kitambaa ukasema lina vumbi. Binamu yangu wa Kigoma akaniletea moja nzito, imetoka kwenye bunduki ya nyati. Nyati, Mzee! Nikasema kama imevumilia nyati, bunduki ya upepo itaiogopa nini? Nikaifunga kwenye bunduki mpya ya klabu, nikapiga wiki nzima kwa bega la kulia, na ikawa inaingia. Nikaja kukuonyesha, kifua mbele.

Siku hiyo ulikuwa umelazwa na kiharusi, ukiingia mwezi wa pili kitandani. Mkono wako wa kulia ulikuwa umelala pembeni, hauitiki. Wa kushoto uliuficha chini ya blanketi. Nilipokuja kukusalimia ukatikisa kichwa. Hukutaka kunipa wa kushoto, mtu mzima wewe, mbele ya mwanafunzi wako. Mama Zubeda akaniambia umekataa kuwasalimia wote, hata imamu. Nikakaa kwenye mkeka. Nikakwambia, Mzee, mimi ulinihamishia bega, sasa zamu yako. Nikanyoosha wangu wa kushoto nikaungoja. Kisha blanketi likatikisika, mkono ukatoka, ukanishika, ukacheka kile kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Nimekulilia mara nyingi, sikufichi, lakini nikifika hapo nacheka mpaka leo.

Ukaitazama darubini yangu. Maneno yalikuwa yanakutoka polepole. "Itakufa iyo. Bunduki ya baruti inapiga nyuma tu. Springi inapiga nyuma, inapiga na mbele. Iyo darubini haijui mbele." Nikabisha. Kwa kweli nilibisha, na wewe mgonjwa. Ukafunga macho, nikadhani umelala. Ukasema, "Chukua na yangu. Mama yako akuone vile uko."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia. Baada ya siku tisa nilikuwa nimesimama barabarani na wanawake, wanaume wamekubeba mbio mbio kama inavyotakiwa, na mafundi wote wa mtaa wamefunga milango. Nilitaka kukutania kitu na hukuwepo.

Haya, sasa Gitega. Nililala kwa shangazi pale Musinzira, mtaa wa Gitega, na asubuhi nikaenda uwanjani na bunduki mbili: mpya yenye darubini, na yako ndani ya mfuko wake wa turubai, nikijidanganya kwamba nimeibeba kwa heshima tu. Mama alikuwa ameshafika. Walitoka Bugendana kwa miguu tangu alfajiri, vitenge vya kwaya vyote rangi moja, wamekaa benchi la mbele wanakula karanga. Mama alisimama kunisalimia, akawaambia wenzake huyu ndiye, akanitengeneza kola kana kwamba naenda kupokea komunyo.

Risasi kumi kila mmoja, umesimama, hatua thelathini. Mwalimu Nestori wa Gitega, yule mrefu uliyekuwa unamwita mlingoti, alipiga kabla yangu, akapiga vizuri sana. Nikaingia mimi. Kitambaa juu ya jicho la kushoto, bega la kulia. Ya kwanza, ndani ya doa jeusi. Ya pili, ndani. Kwaya wakapiga vigelegele mpaka mwamuzi akawanyamazisha. Ya tatu ikapanda juu. Nikasema ni mkono. Ya nne ikaenda ukingoni. Ya tano sikuiona kwenye karatasi kabisa. Ya sita nilipoangalia ndani ya kioo, ule msalaba mwembamba wa kulengea ulikuwa umelala ubavu, umekatika kutoka mahali pake. Nikapiga hivyohivyo kwa hasira, ikapiga udongo. Nyati amekufa, Mzee. Ulisema, nikabisha, amekufa.

Risasi nne zimebaki. Mwamuzi akaniuliza naendelea au naacha. Kuacha kulikuwa rahisi; ningesema chombo kimeharibika, watu wangenihurumia, mama angenishika bega la kulia tungerudi nyumbani. Nikautazama mfuko wa turubai. Nikamtazama mama. Alikuwa ameacha kutafuna. Nikamwambia mwamuzi nabadilisha bunduki, akaikagua yako, akaniruhusu.

Nilivua kile kitambaa cha jicho. Nikafumba macho, nikaiweka begani vile inavyokuja yenyewe, nikafumbua. Nyuma yangu, kwenye benchi, mtu mmoja alisema kwa Kirundi kwamba huyu ni wa kushoto. Nilitaka kuishusha, nakuapia. Ila ile nundu ilikuwa imekaa katikati ya mwanya, imetulia, kama siku ile dukani. Nikaishika kifaranga. Nikapiga. Nikapiga ya nane, ya tisa, ya kumi, sikuinua kichwa hata mara moja.

Mwamuzi alikwenda kuchukua karatasi akakaa kule muda mrefu, anaigeuzageuza. Aliporudi aliweka kidole gumba juu ya doa jeusi akayafunika matundu yote manne ya bunduki yako. Nestori akaja kuangalia, akavua kofia. Ushindi ni wake, nisikudanganye. Zile risasi nilizompa nyati zilinimaliza, nimekuwa wa pili. Lakini alisema mbele ya watu kwamba kama ningeanza na hiyo, yeye angerudi kufundisha hesabu.

Sikuwa namsikiliza. Mama alikuwa ameinuka kwenye benchi, anakuja, peke yake, anavuka uwanja polepole kwa miguu iliyotembea tangu alfajiri. Nikaweka bunduki mezani. Nikanyoosha mkono wa kulia, nimeinamisha kichwa, kwa adabu zote alizonipa. Akaupita. Akauchukua wa kushoto kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, vile tunavyomsalimia mtu mkubwa, na kwaya nzima inaangalia.

"Mkono huu niliufunga mimi," akasema. "Acha niusalimie mimi. Amahoro."

Mzee, nililia hadharani, na mtu wa pili hatakiwi kulia. Akina mama wa kwaya wakalia kwa sababu sisi tunalia, kisha mmoja akaanza wimbo, kisha tukacheza pale uwanjani na karatasi yangu imepandishwa juu. Mama alicheza kuliko wote. Njiani kurudi akanieleza kwamba kila alipokuwa anafunga kile kitenge alikuwa anamwomba Mungu amsamehe yeye, na hakujua anaomba msamaha wa nini. Nikamwambia yamekwisha. Yamekwisha kweli, nimejichunguza, sina kinyongo hata punje.

Ile karatasi Mama Zubeda ameipigilia misumari ukutani, katikati ya saa zako. Darubini ya nyati nimeifungua ili niwaonyeshe wanafunzi ule uzi uliokatika, maana sasa nina wanafunzi saba, wanne ni wasichana, na mmoja ni mwana wa Nestori, baba yake kamleta mwenyewe kwa pikipiki kutoka Gitega. Nakuahidi hivi: hakuna atakayegusa bunduki kwangu kabla hajaitazama saa kubwa kupitia tundu la viganja. Sitamuuliza mtu yeyote anataka bunduki gani kabla sijajua jicho lake liko wapi. Na nikibishana na mgonjwa tena, uje unitokee ndotoni unichape.

Ijumaa nakuja na mama. Atasimama nami pale barabarani, karibu na ukuta wa makaburi, hajawahi kusalimia Mwislamu aliyekufa na ameniuliza mara tatu inafanywaje. Nimemwambia wewe si mtu wa taratibu nyingi. Amebeba ndizi mbivu za Bugendana kwa ajili ya Mama Zubeda, na ana neno lake la kukwambia, mimi nitakaa pembeni.

Pumzika, Mzee wangu. Tutakunyooshea mikono yote miwili, mimi na mama. Ule wako wa kushoto usiufiche tena.

Mwanafunzi wako,
Dafroza